Jibu Linalojikagua: Mafumbo ya Namba na Ujumbe wa Siri kwa Watoto wa Shule za Msingi



Ubaoni pale nimeandika mstari huu:

PFMFCF DF GFGA NSJPFAPF

Ni Kiswahili kitupu. Maneno yake yote manne, mtoto wa darasa la nne wa Kibosho au wa Mwika anayasikia nyumbani kwao. Kila herufi imehamishwa kutoka mahali pake kwa kanuni moja, ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Kanuni yenyewe siitaji kwa sasa. Aliye na kalamu aanze, tutakutana naye mbele.

Nimekuja kuwatetea watoto wetu kwa jambo moja. Katika vipindi vyetu vya Hisabati, anayejua kama jibu ni sahihi ni mwalimu peke yake. Mtoto anakokotoa, anapanga foleni mezani na daftari lake, anangoja alama ya vema au ya kosa. Akipewa vema anashukuru. Akipewa kosa anafuta na kuandika namba nyingine, mara nyingi ile aliyoichungulia kwa jirani. Kwa miaka saba anajifunza kwamba ukweli wa saba mara nane unakaa kwenye kalamu nyekundu ya mtu mzima. Kisha anaingia kwenye mtihani wa darasa la saba, mwenye kalamu nyekundu hayupo, maswali mengi ni ya kuchagua herufi, nasi tunashangaa anapobahatisha. Tukimfuata hadi kidato cha nne tunakuta Hisabati ndiyo inayoangusha wengi, na katika miaka ya karibuni waliofaulu somo hilo wamekuwa robo hivi ya watahiniwa, wakati mwingine hata hawafiki.

Ujumbe wa siri una tabia nyingine kabisa. Ukiupata ufunguo wake, sentensi inasimama mbele yako na unaisoma. Ukiukosa, unabaki na herufi zisizosema kitu. Hakuna mtoto anayehitaji kuuliza, “Mwalimu, nimepata?” Anajua mwenyewe, na akijua mara ya kwanza hivyo, bila kuambiwa na mtu, anataka kujua tena. Ndiyo maana nasema mafumbo haya yaingie ndani ya kipindi, yasibaki zawadi ya Ijumaa mchana kwa waliomaliza kazi. Aliyechelewa kumaliza ndiye anayeyahitaji zaidi.

Wapo watakaosema hizi ni anasa za shule za kulipia, mambo ya kigeni. Basi tuanzie kwenye mlima wetu, Kilimanjaro. Wachagga walikuwa na mregho, fimbo iliyochanjwa alama, ambayo wazee waliitumia kuwafundishia vijana wa jando. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyeishi Old Moshi miaka mingi, aliyaandika mafundisho hayo katika juzuu tatu zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Asiyefundishwa aliona mikwaruzo kwenye kijiti. Aliyefundishwa alisoma somo zima kwa mpangilio, alama moja baada ya nyingine, na kila alama ilikuwa na maneno yake. Mafundisho yenyewe yalikuwa ya kuingia utu uzima na siyapeleki darasa la nne. Ninachokichukua ni umbo lake: alama chache, kanuni inayojulikana na waliofunzwa, na maana nzito iliyohifadhiwa ndani.

Otto Raum naye, mtoto wa Johannes Raum aliyeandika sarufi ya Kichagga cha Old Moshi mwaka 1909, ametuachia vitabu viwili vinavyotuhusu moja kwa moja. Chaga Childhood, cha mwaka 1940, kinaeleza malezi na michezo ya watoto wa mlima huu. Kilichokitangulia kilichapishwa London mwaka 1938 na kinaitwa Arithmetic in Africa. Hoja yake ni kwamba hesabu za darasani zisimame juu ya mambo ambayo mtoto anaishi nayo. Mwaka 1973 Mmarekani Claudia Zaslavsky alipotoa Africa Counts, kitabu kilichosomwa na walimu wa nchi nyingi, Raum alikuwa miongoni mwa aliowategemea. Mawazo yaliyoota kwenye vihamba hivi yamezunguka dunia, na wengi wetu tunaofundisha hapahapa hatujawahi kuyasikia. Jambo hilo linaniuma.

Sasa tushuke pwani kidogo. Watoto wa Unguja walikuwa na mchezo wa kusema kinyume, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu kule, aliweka mfano wake katika maandishi yake ya Kiswahili. Kanuni ni nyepesi: silabi ya mwisho inatangulizwa mbele. Ndizi inakuwa zindi. Mfereji unakuwa jimfere. Moshi inakuwa shimo, na hapo darasa zima la Moshi litacheka, liachieni licheke.

Kicheko kikitulia, mwambie mtoto ageuze tena kile alichokigeuza. Shimo linarudi kuwa Moshi. Kwa hiyo Moshi inahitaji migeuzo miwili kurudi nyumbani. Ajaribu kahawa: wakaha, hawaka, kahawa. Mitatu. Mfereji, minne. Kilimanjaro inapita rokilimanja, njarokilima, manjarokili, limanjaroki, na kwa mgeuzo wa tano ni Kilimanjaro tena. Watoto wataona wenyewe kwamba idadi ya migeuzo ni idadi ya silabi, na watakwambia hivyo kabla hujauliza.

Hapo ndipo fumbo linapoanza. Kundi moja lishike Moshi, lingine lishike kahawa. Piga kofi, kila kofi ni mgeuzo mmoja kwa makundi yote mawili. Ni kofi la ngapi maneno yote mawili yatakapokuwa nyumbani kwa wakati mmoja? La sita. Ongeza kundi la Kilimanjaro: la thelathini. Watoto watasema, “Tunazidisha tu, Mwalimu: mbili mara tatu mara tano.” Usibishe. Waite kundi la Moshi na kundi la mfereji. Watatabiri nane, mbili mara nne. Piga makofi. Kwenye kofi la nne maneno yote mawili yako nyumbani, na darasa linanyamaza kwa sababu kanuni yao imevunjika machoni pao. Hiki ndicho Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, ambacho tunakifundisha kwa kuchora ngazi ya kugawanya ubaoni na ambacho watoto wanakariri ngazi yake bila kujua inakopanda. Mtoto aliyepigwa na butwaa kwenye kofi la nne atakuwa na sababu ya kuitaka ngazi hiyo, kwa kuwa ana swali lake mwenyewe la kuijibu.

Tena swali hilo analo nyumbani. Waliokulia penye mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia, wanajua zamu za maji. Kaya moja inafungua mfongo kila siku ya nne, nyingine kila siku ya sita, na leo zimekutana. Zitakutana tena lini? Anayezidisha atasema baada ya siku 24. Bibi mwenye migomba anajua ni 12, na hajawahi kusikia KDS.

Fumbo la kuvuka mto nalitaja kwa ufupi kwa sababu wengi mnalijua. Mtu ana chui, mbuzi na majani, mtumbwi ni mdogo, na chui akiachwa na mbuzi au mbuzi akiachwa na majani mambo yanaharibika. Marcia Ascher, mwanahisabati wa Marekani, aliandika mwaka 1990 kuhusu mafumbo ya namna hii kutoka pembe nyingi za dunia, na moja la chui, mbuzi na majani lilitoka Zanzibar. Ikiwa mtumbwi unabeba mtu na kimoja tu, safari ni saba, na kigingi kiko pale ambapo ni lazima mbuzi aliyekwisha kuvushwa arudishwe. Watoto wengi wanakwama hapo, kwa sababu shule imewazoesha kwamba kurudi nyuma ni kukosa. Waigize kwa miili yao: mmoja awe chui, mwingine mbuzi. Wakishaona mbuzi anarudi mtumbwini na hakuna aliyeadhibiwa, kitu fulani kinalegea katika namna wanavyokabili hata hesabu za kawaida.

Turudi ubaoni. Naona baadhi yenu mmeshatabasamu.

Njia ya kuuvunja mstari ule ni ya zamani. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Al-Kindi aliandika jinsi ya kusoma ujumbe uliofichwa kwa kuhesabu herufi: inayojirudia sana kwenye ujumbe yaelekea ndiyo inayojirudia sana kwenye lugha yenyewe. Vitabu vya mafumbo tunavyoletewa kutoka Uingereza humwambia mtoto atafute E, kwa kuwa E ndiyo inayoongoza katika Kiingereza. Mtoto wa Kiswahili akifuata ushauri huo anapotea. Kwetu inayoongoza ni A. Chukua ukurasa wowote wa gazeti uhesabu. Utakuta ni herufi moja kati ya tano, au zaidi ya hapo. Na Kiswahili kina zawadi nyingine kwa mvunja siri: maneno yake karibu yote huishia na irabu. Wapo wageni kama takriban, maalum na hususan, lakini ni wachache. Tazama herufi ya mwisho ya kila neno na umeshazijua irabu.

Basi tuhesabu. Mstari una herufi 20, na F imetokea mara 7. Maneno yanaishia F, F, A, F. Kwa hiyo F na A zote ni irabu, na F inayoongoza ina uwezekano mkubwa wa kuwa A. Kiswahili tunakiandika bila Q na X, hivyo tuna herufi 24. Kutoka A hadi F ni hatua tano. Turudishe kila herufi hatua tano. P inakuwa K, M inakuwa H, D inakuwa Y. Na A? Ukirudi nyuma ya A unaishiwa, unaingia mwisho wa alfabeti: Z, Y, W, V, U. Ni U, irabu kama tulivyotarajia. Mtoto anayejua kwamba saa kumi jioni ukiongeza saa tano ni saa tatu usiku ameshaijua hesabu hii ya kuzunguka; hajaambiwa tu kwamba anaijua. Mstari unasema: kahawa ya babu imekauka.

Mwalimu mwenye watoto sabini darasani ataniambia kwamba hana nafasi ya mambo haya. Kwa fumbo hili wingi huo ni mali. Kanuni ya kuhamisha herufi ina funguo 23 tu. Mpe kila mtoto namba ya ufunguo wake na neno la kwanza la ujumbe. Ndani ya dakika chache mmoja, au watatu waliopewa namba ileile, watapaza sauti kwa pamoja, na waliobaki watakuwa wamethibitisha kwamba funguo zao si zenyewe, kazi ambayo nayo ni ya kweli. Vifaa ni chaki. Sijui somo jingine ambalo darasa lililojaa linalifanya vizuri kuliko darasa la watoto kumi.

Hatua ya juu zaidi inatoka Mombasa. Mwaka 1942, Wajapani walipotishia Bahari ya Hindi, kituo cha Waingereza cha kusikiliza na kusoma mawasiliano ya siri kilihamishwa kutoka Colombo hadi Kilindini. Kiliwekwa katika jengo la shule, Shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Humo walikuwa wakihangaika na mfumo wa meli za biashara za Japani ulioitwa JN-40. Waliudhania kuwa wa aina fulani, wakakosa. Septemba mwaka huo kosa la Wajapani wenyewe likawapa John MacInnes na Brian Townend mwanya. Ikagundulika kwamba maneno yalikuwa yakigeuzwa kuwa tarakimu mbilimbili kwa jedwali la makundi 100, kisha tarakimu zikipangwa upya kwa safu. Ilipofika Novemba walikuwa wanausoma ujumbe kadiri unavyoingia. Ilikuwa kazi ya vita, na meli zilizojulikana zilipo zilikuwa na watu ndani. Mtoto mkubwa aambiwe na hilo. Lakini ajue pia kwamba mfumo uliowashinda wengi ulivunjwa Afrika Mashariki, ndani ya vyumba vya madarasa.

Kupanga kwa safu kunafaa sana darasa la tano na la sita. Andika ujumbe TUKUTANE MTONI KESHO bila nafasi, herufi 18, kwa mistari mitatu ya herufi sita sita kwenye daftari la miraba. Kisha usome kushuka, safu kwa safu: TNI UEK KME UTS TOH ANO. Unganisha zote na umpe jirani. Hapa kuhesabu A hakusaidii kitu, kwa sababu herufi ni zilezile, zimehama viti tu. Anayeuvunja lazima ajiulize: herufi 18 zinaweza kupangwa katika mistatili gani? Mbili kwa tisa, tatu kwa sita, sita kwa tatu, tisa kwa mbili. Hivi ni vigawo vya 18, vilevile tulivyowaambia wavikariri, na sasa kila kimoja ni mlango wa kujaribu kufungua. Halafu mpe mtoto ujumbe wa herufi 19. Atajaribu mistatili yote na hakuna utakaokaa. Atakuja kukulalamikia kwamba umekosea. Mwache alalamike hadi aseme mwenyewe kwamba 19 haigawanyiki. Namba tasa imeingia darasani bila kuandikwa ubaoni, na watoto watavumbua dawa yake: kuongeza herufi moja ya uongo mwishoni.

Kuhusu bao nitasema kidogo, ingawa linastahili mhadhara wake. Lina mashimo 32 na kete 64. Katika bao la kiswahili kila mchezaji ana kete 32. Anaanza na sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo yanayofuata, na zilizobaki ziko mkononi. Ni ngapi? Ishirini na mbili. Hilo ni swali la darasa la pili. Kete hizi zitaishia shimo lipi ni swali la watu wazima.

Kuna fumbo lililochapwa nyuma ya vitabu vya kiada ambalo hatulitazami. Ni ile namba ya tarakimu 13 penye mistari ya kusomwa na mashine. Kwa vitabu vingi vya Tanzania inaanza na 9789976 au 9789987. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, endelea hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Jumla lazima igawanyike kwa 10. Mtoto mmoja abadilishe tarakimu moja kwa siri na kumpa mwenzake namba iliyoharibiwa. Jumla itakataa, kila mara. Kwa nini kila mara? Hilo waachieni darasa la sita walitafute kwa wiki nzima. Watu wazima waliotengeneza namba hizi walijua kwamba mkono hukosea, wakaweka ndani ya namba yenyewe njia ya kulitambua kosa. Ni heshima kubwa kwa anayekosea, na ndiyo ninayotaka mtoto aipate darasani.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kama hatuwafundishi watoto utapeli. Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa hakuna hapa ambaye hajapokea ule ujumbe wa kumwambia hela atume kwenye namba nyingine. Jibu langu ni kwamba mtapeli wa simu havunji msimbo wowote. Anakuomba ufunguo, nawe unampa. Namba ya siri ya tarakimu nne ina njia 10,000, na mtoto anaweza kuzihesabu: kumi mara kumi mara kumi mara kumi. Akielewa kwamba nguvu yote ya siri iko kwenye ufunguo, ataelewa kwa nini bibi yake asiutaje kwa yeyote, hata kwa anayejiita mhudumu wa kampuni. Watoto hawa ndio wanaowasomea bibi zao meseji. Afadhali wawe wanajua.

Ugumu mkubwa uko kwetu sisi walimu. Fumbo zuri huzaa swali ambalo hatuna jibu lake, na tumelelewa tukiamini kwamba mwalimu asiye na jibu ameaibika. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aliuliza kwa nini mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Mwaka 1969 swali lake lilichapishwa katika jarida la kimataifa la fizikia, pamoja na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wakati huo anwani ya Mpemba ilikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapo juu tu kwenye mteremko. Wanafizikia bado wanalibishania. Mtoto akikuuliza kwa nini 3 inafaa kwenye zile tarakimu 13 na 5 haifai, nawe hujui, mwambie mtafute pamoja, kisha mtafute kweli: zidisheni tarakimu zote kwa 5 na mwone yanayotokea kwa 2, 4 na 6.

Nina ombi la kazi. Hesabu za herufi nilizozitaja ni za Kiswahili. Darasa moja la Marangu lihesabu ukurasa wa Kivunjo, la Hai lihesabu Kimachame, la Rombo lihesabu Kirombo. Maandiko ya kanisani yapo, na bibi na babu wanaosimulia wapo. Je, A inaongoza na huko? Irabu ya mwisho wa neno inaaminika kiasi gani? Mtoto anayeongea lugha mbili nyumbani ana misimbo miwili ya kulinganisha kabla hajafundishwa wowote. Matokeo tuyabandike kwenye kuta za madarasa, Kiswahili upande mmoja na lugha za mlima upande wa pili, ili mwakani mtoto akipokea ujumbe ambao hata lugha yake haijui awe na mahali pa kuanzia.